Jino Lililonyamaza

Mtu aliyekulia Bonde la Ufa la kati hutambulikana akicheka. Meno yake ya mbele huwa na mistari myeupe au mabaka ya kahawia, na kwa wengine kahawia hiyo imekolea na kuacha vishimo vidogo juu ya jino. Mgeni kutoka Kisii au Machakos anaweza kuhamia Naivasha akiwa na miaka ishirini, akanywa maji yale yale mpaka azeeke, na meno yake yasigeuke rangi hata kidogo. Anayepigwa alama ni mtoto. Floraidi ikizidi katika maji huliharibu jino lingali linaundwa ndani ya taya, na mtoto anapotimiza miaka minane hivi, meno ya mbele yamekwisha kuundwa na alama imekwisha kukaa.

Madini hayo yanatoka chini ya miguu yetu. Longonot, Olkaria, Eburru na Menengai zote ni volkano, na maji yanayokaa katika miamba yake huyeyusha floraidi na kupanda nayo kisimani. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Nair na watafiti wenzake walipima sampuli zaidi ya 1,000 za maji ya chini ya ardhi nchini Kenya na kuchapisha matokeo mwaka 1984: asilimia 61 zilizidi miligramu 1, na karibu moja kati ya kila tano ilizidi 5. Nakuru, Njoro, Elementaita, Gilgil na Naivasha zimo katika ukanda ulioathirika sana. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 nao ulikuta alama hizo kwa zaidi ya watoto 4 kati ya kila 10 waliochunguzwa.

Nimeanza na maji kwa sababu kisa ninachosimulia kinaanzia huko. Ni kisa cha kutunga, na hakuna mtu wa mtaa wa Kihoto, Naivasha, atakayejikuta ameandikwa humu. Lakini yaliyowapata hawa wawili yanawapata watu kila siku, na anayebisha akaketi asubuhi moja tu kwenye benchi la kliniki ya meno ya serikali.

Walikuwa kaka na dada, wazaliwa wa upande wa Gilgil, waliolelewa kwa maji ya kisima kirefu. Walipokua walishuka Naivasha kutafuta riziki, wakapanga vyumba viwili vilivyopakana Kihoto, ule mtaa ulio bondeni kando ya ziwa, ambako ziwa lilipofura mwaka 2020 na tena 2025, watu walihamisha magodoro kwa mashua. Dada aliajiriwa shamba la maua, kwenye chumba cha kugredi waridi. Kaka alichukua pikipiki kwa mkopo, akawa bodaboda. Wote wawili walikuwa na meno ya kahawia, na kila mmoja alikuwa na hukumu yake juu ya meno hayo.

Hukumu ya dada ilikuwa kwamba ni uchafu. Shuleni alitaniwa na kazini alizoea kucheka ameziba mdomo kwa kiganja. Kwa hiyo alisugua. Alianza na chumvi, akaenda kwenye majivu, kisha mkaa uliotwangwa, na rafiki mmoja alipomwambia limau na bekingi soda hung'arisha meno kwa wiki mbili, akaongeza limau. Alinunua mswaki mgumu kuliko yote dukani, akasugua asubuhi, akasugua akitoka kazini, akasugua kabla ya kulala, akivuta kwa nguvu kushoto na kulia mpaka mkono uchoke. Kila mara akitazama kioo aliona kama rangi imepungua kidogo.

Kilichokuwa kinapungua ni jino. Ile kahawia haikukaa juu, imo ndani ya gamba gumu la jino lenyewe, na hakuna kinachoweza kuifuta bila kulifuta gamba. Tindikali ya limau hulilainisha gamba hilo kwa muda, na anayepiga mswaki mara tu baada ya limau analikwangua likiwa laini. Gamba la jino ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini, gumu kuliko mfupa, lakini mfupa ukivunjika huunga na gamba la jino likiisha halioti tena. Fizi zake nazo zilirudi nyuma kwa kukimbia mswaki, shina la jino likabaki wazi, na pale jino linapokutana na ufizi pakachimbika mfereji unaoweza kuugusa kwa ukucha. Asubuhi za Naivasha zina baridi. Dada akifungulia bomba akasukutua, maumivu yalimchoma hadi sikioni, akashikilia ukingo wa sinki mpaka yapite. Akahitimisha kwamba bado hajasugua vya kutosha.

Kaka alihukumu kinyume. "Haya hata niyasugue na sabuni ya gari hayawi meupe," alikuwa akisema. "Sasa mswaki wa nini?" Alipiga mswaki Jumapili na siku ya kwenda ukweni. Na nina huruma naye hapa kuliko nilivyo na huruma na watu wanaomcheka, maana hoja yake inafuatana vizuri. Kama kazi ya mswaki ni kuleta weupe, na weupe hauji, basi mswaki ni kazi bure. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kazi ya mswaki ni nyingine kabisa.

Siku yake ilienda hivi. Alfajiri, chai ya maziwa kwenye kibanda cha stejini, vijiko vitatu vya sukari, na mandazi mawili. Saa nne, soda, ambayo hakuimaliza mara moja: aliining'iniza kwenye pikipiki na kupiga funda moja kila alipomshusha abiria, hadi saa nane. Mchana chai tena. Jioni majani ya muguka ya kutafuna. Sasa muguka ni mchungu, kwa hiyo watafunaji huuandamanisha na ubani wa Big G na soda nyingine, na kinywa kinakauka mate huku sukari imekaa shavuni upande mmoja kwa saa nyingi. Usiku wa manane alilala na kila kitu mdomoni.

Watu wakisikia sukari hufikiria wingi. Jino linajali zaidi mara ngapi. Kila sukari inapoingia kinywani, vijidudu vinavyokaa juu ya meno huila na kutoa tindikali, na tindikali hiyo hulila gamba kwa nusu saa hivi kabla mate hayajaituliza. Soda yenyewe ina tindikali yake juu ya ile ya vijidudu. Mtu anayekunywa chupa nzima pamoja na chakula chake cha mchana amelishambulia jino mara moja. Huyu wetu, kwa chupa ileile moja, alilishambulia kutwa nzima, kisha akaendelea usiku, wakati mate yamekauka kwa muguka na hayapo ya kumtetea. Na alikuwa na sifa moja stejini: kufungua chupa kwa magego. Wenzake wakikosa kifungulio walimwita. Jino lililoharibiwa sana na floraidi lina vitundu vingi na humeguka upesi. Siku moja gego la chini kulia lilimeguka kipande, akakitema, wakacheka wote.

Zamani kidogo kabla ya hapo alikuwa ameona damu. Kila Jumapili alipopiga mswaki alitema mate mekundu, akasema mswaki unamkata, akaacha hata ule wa Jumapili. Hapa hayuko peke yake. Ule utafiti wa 2015 ulikuta fizi zinazotoka damu kwa watu wazima karibu wote waliochunguzwa, kama asilimia 98. Damu hiyo haitoki kwa sababu mswaki umepita, hutoka kwa sababu haukupita. Ukoga ukiachwa kwenye ukingo wa ufizi huuvimbisha, na ukikaa siku nyingi hugeuka jiwe ambalo mswaki hauwezi tena kuling'oa, ni mpaka kwa daktari. Chini ya jiwe hilo mfupa unaoshika jino huanza kuliwa, polepole, bila maumivu, hadi jino zima lisilo na tundu lolote linaanza kucheza. Mwenye kisukari huharibikiwa upesi zaidi, na fizi mbovu nazo humfanya sukari yake ya damu iwe ngumu kudhibiti. Anayetokwa na damu anatakiwa kupiga mswaki hapohapo panapotoka, taratibu, kila siku. Wengi huona damu ikipungua baada ya wiki moja au mbili. Isipopungua, ni ya kuonwa kliniki.

Basi gego lilimeguka, na ndani ya miezi michache likaanza kuuma. Kwanza kwa chai ya moto, kisha kwa chochote, kisha usiku bila chochote. Akaenda duka la dawa akanunua vidonge viwili vya kutuliza maumivu, kesho yake viwili, kisha akazoea. Jirani alimshauri abandike aspirini kwenye ufizi, akabandika, na ufizi ukaungua ukawa mweupe na kuchubuka, kwa maana aspirini ni tindikali na imetengenezwa imezwe. Mwingine akamletea karafuu, nayo kusema kweli ilimtuliza kidogo, kama ambavyo mabibi wa pwani wamejua siku zote, lakini karafuu haizibi tundu. Akanunua na vidonge vya antibayotiki, vinne, akameza vyote siku moja.

Dada alimwambia, "Nenda ukaonwe, kaka. Jino la kuziba huzibwa."

"Wakikushika wale wanang'oa tu. Na nikikosa siku mbili stejini, mkopo utalipwa na nani?"

Kisha, usiku mmoja, maumivu yakakoma. Aliamka asubuhi hana kitu. Akanywa chai ya moto, hana kitu. Akajigonga jino kwa ukucha, kimya. Alifurahi kama mtu aliyefutiwa deni, akamwambia dada mlangoni, "Si nilikwambia? Limepona lenyewe."

Sentensi hiyo nimeisikia kwa watu wenye akili zao, wenye shahada, wenye bima ya matibabu. Ndiyo inayoharibu meno mengi kuliko peremende zote za Nakuru, na ndiyo sababu nimeona kisa hiki kinafaa kusimuliwa. Ndani ya jino mna mshipa wa fahamu na mishipa ya damu. Tundu likifika huko, mshipa huvimba mahali pasipo na nafasi ya kuvimba, na hayo ndiyo maumivu yanayomfanya mtu mzima alie usiku. Mshipa ukishakufa, hakuna tena wa kuuma. Vijidudu vinabaki ndani, bila kizuizi, vikishuka na shina hadi kwenye mfupa wa taya. Huko hujenga jipu. Wakati jino likiuma, mara nyingi bado linaweza kuzibwa, au kusafishwa mizizi yake na kubakishwa. Siku linaponyamaza lenyewe bila kutibiwa, ndiyo siku ya kuogopa.

Jino la kaka lilinyamaza miezi kadhaa. Kipele kidogo kilitokea kwenye ufizi, kikitoa usaha wenye ladha mbaya, kikipotea, kikirudi. Halafu Ijumaa moja shavu likavimba. Jumamosi uvimbe ulishuka chini ya kidevu, pande zote mbili, mgumu ukiugusa. Jumapili hakuweza kufungua mdomo zaidi ya upana wa kidole, mate yalimshinda kumeza, akawa anayaacha yatiririke kwenye kitambaa, na sauti yake ikawa ya mtu mwenye viazi moto kinywani. Bado alisema angojee Jumatatu. Dada hakungojea. Alimwita bodaboda mmoja wa steji ya kaka, wakampakia kaka katikati, wakampeleka hospitali ya Naivasha.

Daktari wa zamu alimtazama shingo kabla ya kumtazama jino. Alimwuliza lini liliuma.

"Liliacha kuuma zamani, daktari," alijibu kwa shida.

"Liliacha kwa sababu lilikufa, ndugu yangu. Hii ni maiti yake."

Hali hiyo ina jina: angina ya Ludwig, kwa heshima ya daktari Mjerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig aliyeieleza mwaka 1836. Ni maambukizi yanayosambaa chini ya ulimi na kwenye shingo, mara nyingi kutoka gego la chini, na huua kwa kuziba njia ya hewa. Kabla ya antibayotiki kupatikana, zaidi ya nusu ya waliopatwa walikufa. Kaka alipelekwa kwa ambulensi hadi hospitali kuu ya Nakuru, ile ambayo watu wazima bado huiita PGH. Walimpasua chini ya taya na kuweka mrija wa kutolea usaha, wakamtia dawa kwa mshipa, wakang'oa lile gego na meno mawili jirani yake. Akaishi. Alipotoka, aliyemkopesha pikipiki alikuwa amekwisha kuichukua. Ana kovu chini ya kidevu na anatafunia upande wa kushoto. Kuziba jino mapema kungemgharimu mapato ya siku chache tu.

Dada, wakati akimwuguza, alijipa moyo akamwonyesha afisa wa afya ya kinywa meno yake mwenyewe. Alitarajia kukemewa kwa uchafu. Yule mama alimgeuzia taa, akaangalia kwa muda, akasema, "Binti yangu, meno yako ni masafi mno. Umeyasafisha mpaka unayamaliza." Akamweleza kwamba rangi ile si kosa lake na haikuwa kosa lake hata siku moja. Daktari wa meno anaweza kuipunguza kwa kukwangua kiasi kidogo sana kwa vifaa vyake, au kuifunika kwa utando wenye rangi ya jino, lakini kwanza mkaa uishe, limau liishe, na mswaki uwe laini, wa kuzungushwa taratibu kwenye ukingo wa ufizi, mara mbili kwa siku, na ule wa usiku ndio usiorukwa kamwe. Akishakunywa soda au kula chungwa, angoje nusu saa ndipo apige mswaki. Akimaliza, ateme povu bila kusukutua kwa maji mengi, ili dawa ibaki kazini.

"Lakini dawa ya meno ina floraidi," dada akasema. "Si ndiyo iliyotuharibu?"

Swali zuri, na Nakuru nzima ingefaa iliulize. Jibu ni kwamba floraidi iliyomezwa kila siku utotoni ndiyo iliyochora yale mabaka. Ile ya dawa ya meno hufanya kazi juu ya jino lililokwisha kuota, huliimarisha dhidi ya tindikali, kisha hutemwa. Mtu mzima haimdhuru meno. Mtoto wa chini ya miaka mitatu awekewe kiasi cha punje ya mchele, aliyezidi hapo kiasi cha punje ya njegere, na mzazi asimame pale kuhakikisha anatema. Mtoto akiachiwa mrija mzima anaila, hasa ile yenye ladha ya stroberi.

Na dada ana mtoto. Alipokuwa wa miezi sita, aliharisha na kupata homa, na jirani mmoja wa ploti akamfunua mdomo akaona uvimbe mweupe kwenye ufizi, akasema ni meno ya plastiki, yang'olewe, kuna bibi anayejua. Imani hiyo imeenea Tanzania na Uganda pia, ambako wengine huyaita ebino, na imewaachia watoto maambukizi, tetenasi na taya zisizoota chonge. Ule uvimbe ni chonge changa iliyo njiani. Kuharisha kuna sababu yake, na mara nyingi sababu hiyo ni maji machafu. Kwa bahati dada alikataa, ingawa nadhani alikataa kwa kukosa pesa za bibi.

Sasa mtoto yuko katika ile miaka ambayo meno yake ya ukubwani yanaundwa ndani ya taya, na hili ndilo dada analolishughulikia kuliko lolote. Alidhani akichemsha maji yanakuwa salama. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floraidi haiondoki, tena maji yakipungua kwa mvuke kiasi chake katika yaliyobaki huongezeka. Dawa ya klorini haiigusi pia. Magadi anayotumia mtu kulainisha githeri yanaweza kuiongeza. Kinachoiondoa ni vichujio maalumu, na Jimbo Katoliki la Nakuru lilitangulia wengi katika nchi hii kwa kutengeneza vya mkaa wa mifupa, unaoinasa floraidi maji yanapopita. Maji ya mvua hayana floraidi ya kutisha, mradi bati na tangi viwe safi. Dada amenunua pipa na mfereji wa kukinga mvua, na ya mvua ndiyo mtoto anayokunywa na kupikiwa uji. Yale ya kisima ni ya kufulia nguo.

Wewe mwenye mtoto wa chini ya miaka minane kati ya Naivasha na Njoro, muulize anayekuuzia mtungi maji yake yanatoka kisima gani, na kisima hicho kilipimwa floraidi lini. Akikosa jibu, kaulize afisi ya maji au ya afya ya umma ya kaunti. Na kama una jino lililokuwa likiuma na sasa limenyamaza bila daktari kuligusa, nenda wiki hii.